Bei Niliyoandika kwenye Kifurushi cha Baba

Mimi siwezi kungoja. Hata sufuria ya maharage naifunua mara kumi, na mama husema ndiyo sababu maharage yangu hayaivi. Mji wetu unaitwa Baraka, lakini mimi nilizaliwa na ile haraka isiyokuwa nayo. Kwa hiyo nikikumbuka zile wiki tisa za kifurushi cha baba, mpaka leo mguu wangu huanza kutikisika wenyewe chini ya meza.

Baba alikuwa karani wa posta kule Fizi, juu mlimani, enzi za Zaire, wakati barua zilikuwa bado zinafika. Posta ilipokufa hakuna aliyemlipa kitu. Alirudi nyumbani Baraka na daftari kubwa la shule alimobandika stempu kwa mkono wake, na bahasha kama arobaini, zake na za ndugu zake, zote zimepigwa mhuri wa Fizi. Aliziweka ndani ya sanduku la bati. Vita vilipotufikia alikimbia na lile sanduku kichwani mpaka rasi ya Ubwari, akaiacha redio mezani. Mama alimsamehe mambo mengi, ila ile redio hakuisamehe.

Alipofariki tulimzika kwao Fizi, kwa msalaba wa mbao na udongo mtupu. Masika mawili yalipita, udongo ukadidimia, nyasi zikaota. Mama alitaka kaburi la saruji kabla ya masika ya tatu. Alisema mvua ikilikuta tena vile, mtu atalima mihogo juu ya bwana wake bila kujua.

Mimi nina kibanda cha fotokopi karibu na soko, na pembeni nauza vitu vya kale kwenye mtandao. Nilianza na noti za Zaire ambazo watu walikuwa nazo chini ya magodoro, zikinuka kunguni. Nikipata mnunuzi, kifurushi kinavuka ziwa kwa boti mpaka Kigoma, kwa binti wa mama mkubwa, ambaye namwita yaya, yaani dada mkubwa. Alikimbilia kule zamani na hakurudi tena. Yeye ndiye anayekipeleka kwa wasafirishaji.

Nilipopiga picha za bahasha za baba na kuziweka mtandaoni, sikutegemea kitu. Siku ya tatu akatokea mzee mmoja wa Ulaya anayekusanya mihuri ya posta ndogo zilizokufa. Alitaka zote, pamoja na daftari, kwa dola mia sita. Niliusoma ule ujumbe nimesimama, nikausoma tena nikitembea, nikafunga kibanda saa nne asubuhi nikaenda kwa mama.

Mama alihesabu kwa vidole. Halafu akauliza, "Ile inatoa mafuko ngapi ya simenti?"

Siku hiyohiyo alikwenda kumwambia padri, na fundi, na mawifi zake wawili ambao hakuna aliyewauliza.

Pesa zenyewe zilikuwa bado. Mtandao unazishika mpaka mnunuzi apokee mzigo wake. Lakini yule mzee alinitumia picha ya risiti, na juu ya zile mia sita palikuwa na kodi ya mauzo, imekatwa na mtandao wenyewe na kupelekwa kwa serikali ya kwao. Nilimwonyesha mama. Nilikosea.

"Kodi ya nini?" alisema. "Bwana yangu aliuza nini kwabo?"

Nami nikaanza kufikiri, na kufikiri kwangu ndiko kulikotuponza. Kwenye barabara yetu, ukilipa kizuizi cha kwanza, bariere kama tunavyoiita, cha pili hakitaki kujua. Unalipa tena. Cha tatu kinakuuliza kwa nini umechelewa. Nikajiambia: yule mzee amelipa kodi ya mia sita mara moja; nikiandika mia sita hata kwenye karatasi ya forodha, watamlipisha tena, atakasirika, atakataa mzigo. Na mama mwenyewe, miaka yote aliyochuuza ndagala, dagaa wetu wa ziwani, kutoka Kazimia, alinifundisha hivyo. Nilikuwa mdogo, nimebeba kapu nyuma yake, na kila tulipoulizwa kizuizini tumebeba nini, jibu lake lilikuwa moja: "Ah, kakitu kadogo tu, baba." Kapu lilikuwa linaning'oa shingo.

Kwa hiyo yaya aliponipigia simu akiwa mbele ya dirisha la wasafirishaji, nilikuwa tayari.

"Thamani niandike ngapi, mdogo wangu?"

"Andika dola kumi na mbili."

"Kumi na mbili tu?"

"Kumi na mbili, yaya. We andika."

"Na bima?"

"Bima weka. Weka nzima kabisa."

Nilijisifu, Mungu anisamehe. Nilidhani bima ni kama yule mlinzi wa bandarini: unampa chake, anakalia mzigo wako, basi. Sikujua kwamba anauliza kwanza mzigo ni wa bei gani.

Ilikuwa mwanzo wa kiangazi. Nilipewa namba ya kufuatilia kifurushi, na ile namba ilinitesa. Niliifungua kabla ya kunawa uso. Niliifungua katikati ya fotokopi za watu, mpaka nikamtolea mwalimu mmoja mtihani wake kurasa zote kichwa chini, na tukagombana kana kwamba kosa ni lake. Wiki mbili kifurushi kilikuwa Dar es Salaam. Halafu kikaandikwa kimeondoka. Halafu ukurasa haukusema neno.

Kila asubuhi mama aliuliza, "Iko wapi?"

"Iko njiani, mama."

Wiki ya nne, kwa kukosa la kufanya, nikaanza kusoma masharti ya bima, yale maandishi madogo yanayopitwa na kila mtu. Palikuwa na sentensi moja fupi: fidia haizidi thamani iliyoandikwa na mtumaji. Niliisoma mara tatu. Nikatoka nje, nikaenda mpaka ufukweni, nikarudi, nikaenda tena. Niliogopa, na nilijiona mjinga, na sikujua ni kipi kinaniuma zaidi.

Sikumwambia mama. Kule Fizi alikuwa ameshalipa vijana wa kusomba mawe, na fundi alikuwa ameweka kamba na vigingi kuzunguka kaburi. Kila aliposema neno "kaburi" nilikumbuka kazi ya kwenda kufanya mahali pengine. Nilikonda. Watu waliniuliza kama nina malaria, nikasema ndiyo.

Wiki ya tisa mawingu yalikuwa yameshakaa juu ya milima ya Itombwe. Ujumbe ulikuja mchana: kifurushi kimepotea, mnunuzi amerudishiwa pesa zake. Zote, hata kodi. Hilo ndilo lililonikera kuliko yote. Kwao hata kodi inarudi! Kwetu sijawahi kuona pesa iliyopita kwenye kizuizi ikageuka kurudi.

Yaya alikwenda kupigana pale dirishani. Wakamwonyesha karatasi, na mwandiko ulikuwa wake mwenyewe. Wakampa fidia, naye akanitumia kwa simu. Dola kumi na mbili.

Mama alikuwa uani akianua mihogo. Nilimwambia yote kwa pumzi moja, maana ningekaa chini ningenyamaza.

"Uliandika ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Juu ya nini? Kwa nini kumi na mbili?"

Hasira ikanipanda, hasira ya mtu mwenye kosa. "Juu we ndiye ulinifundisha! Kila bariere, kakitu kadogo. Kakitu kadogo, mama! Miaka yote!"

Aliweka kapu chini. Mikono yake ilikuwa myeupe kwa unga wa mihogo.

"Mi nilikufundisha kudanganya bantu ba bariere," alisema. "Sikukufundisha kudanganya juu ya baba yako." Akaiangalia ile mihogo. Halafu akasema polepole, "Kumbe ni kitu kimoja."

Nililia. Yeye hakulia. Alimaliza kuanua mihogo yake, kisha akaniuliza kama zile dola kumi na mbili zinafika fuko moja. Hazikufika, niliongezea za kibandani. Fundi alisema fuko moja litatoa bamba la kichwani tu, la kuandika jina, mengine tungojee. Mama akasema sawa.

Tulipanda na pikipiki moja, dereva, mama, mimi na lile fuko. Kabla ya kuingia Fizi pana kamba iliyofungwa njiani, na mtu wa kuishusha. Alikuja taratibu, akabonyeza fuko kwa kidole.

"Mumebeba nini?"

Nikafungua mdomo. Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi, kama lilivyokuwa tangu utoto wangu. Mama akanishika mkono.

"Kaburi ya bwana yangu," alisema.

Yule mtu akacheka kidogo. "Na beyi yake?"

"Dola mia sita."

Aliliangalia lile fuko moja la saruji, akamwangalia mama. Nyuma yetu pikipiki zilikuwa zimeanza kupanga mstari, na wenye haraka walikuwa wanapiga honi. Akauliza tena, kwa kumwonea huruma, akimpa nafasi ya kutaja bei ndogo alipe kidogo.

"Mama, beyi ngapi?"

"Mia sita," mama akarudia, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wa mwisho kwenye mstari. Na mimi nilikaa pale juu ya pikipiki, mguu wangu umetulia, nikangoja.