Miti Niliyoiita ya Bure

Paa la msikiti wa mtaa wetu hapa Kindu lilipandishwa wakati wa vita. Mbao hazikufika, basi kila nyumba ilileta mti wake: mfumbati wa kitanda, boriti ya jiko, mwimo wa mlango. Hadi leo kila nyumba inaujua wa kwake ndani ya kenchi, ile fremu ya miti inayobeba paa. Sisi hatukuleta kitu. Tulikuwa tumekimbilia Punia. Labda ndiyo maana mwaka huu, paa lilipobonyea katikati, nilijitolea haraka mno kukokotoa nguvu zake.

Wazee walitaka kujua ni miti gani ingeweza kung'olewa ili ipigiliwe kwenye ile iliyochoka. Mtu angeweza kunenepesha mti mmoja kidogo ndani ya kompyuta, akakokotoa kenchi nzima upya, kisha akahamia mwingine. Iko njia fupi, wala usiiogope. Kokotoa mara moja kwa uzito halisi wa paa. Kokotoa tena kwa uzito mdogo wa kubuni, ukiuning'iniza palepale unapouliza, yaani pale katikati palipobonyea. Sasa kila mti una nguvu mbili, zizidishe. Jibu likiwa kubwa, kuunenepesha mti huo kutainua katikati. Likiwa sifuri, hakutasaidia.

Baada ya sala ya Ijumaa niliitaja miti ya sifuri mbele ya watu, nikasema ni ya bure, inaweza kung'olewa. Mmoja ulikuwa wa jirani yetu mjane. Aliung'oa mlangoni kwake, akalala na pazia tu huku vita vikiendelea. Wanaume walimtania kwamba mti wake umekula posho ya bure miaka yote. Alicheka nao, kisha akasema wauchukue.

Alasiri mvua ilikuja na upepo kutoka mtoni, nikaifungua tena kompyuta. Nilikuwa nimeuliza kuhusu uzito peke yake. Nikakokotoa upya, upepo ukisukuma upande mmoja. Mti wake ulikuwa miongoni mwa inayolishikilia paa.

Asubuhi nilimkuta akichagua mchele. Nilimweleza polepole kwamba kosa halikuwa la mti, lilikuwa la swali langu, nikamwomba msamaha. Uso ukamfunguka.

"Kumbe iko inafanya kazi."

"Iko inafanya, mama."

Akachagua mchele kidogo. "Na ile ya bengine yenye ulisema ni ya bure, mutoto wangu?"

Uzuri wa njia ile ni kwamba inajibu juu ya miti yote kwa pamoja. Majibu ya wengine yalikuwa mbele yangu tangu jana. Nilisoma lake tu, kwa kuwa ni yeye niliyetaka kumtazama usoni bila aibu.

Tuliyasoma pamoja, kompyuta ikiwa juu ya kinu kilichogeuzwa. Karibu miti yote ilikuwa na kazi siku ya upepo. Akaniambia niende nyumba kwa nyumba, niseme kama nilivyosema kwake. Nilianza na ile nyumba ambayo mti wake ulikuwa umeshakatwa kwa neno langu.