Hatua Mia Tatu Kutoka Langoni

Jamani, hadi leo nikipita langoni kwetu masikio yananiwaka moto kwa aibu, ingawa mwisho wa mambo mimi ndiye niliyeshinda, na nitawaeleza ilivyokuwa.

Kwanza mjue ninakokaa. Nilipopata kazi baada ya chuo nilipanga nyumba nje kidogo ya mji, katika mtaa uliojengwa kuzunguka ziwa la kuchimbwa, ambako magari yanaishia langoni na kila mtu, mwenye cheo na asiye nacho, anakwenda kwa miguu: dukani kwa miguu, msikitini kwa miguu, kwa kinyozi kwa miguu. Hapa Maskat, Oman, hilo ni jambo la ajabu (sisi tukitaka chumvi kwa jirani tunawasha gari). Ammi Khalfan, baba yake Zuwena, msichana niliyemposa, aliposikia alisema, "Nyumba isiyofika gari ni stoo hiyo," akatoa sharti moja: nihamie Bawshar, kwenye villa iliyo ubavuni mwa yake, au posa ifikiriwe upya. Nikamwomba aje kwanza apaone. Akakubali kuja Ijumaa baada ya alasiri, na mkewe, na mama yake, Bibi Thureya, ambaye magoti yanamsumbua na ambaye kauli yake katika ukoo ule ndiyo ya mwisho. Nikawahakikishia kwamba kutoka langoni hadi kwangu ni hatua mia tatu tu.

Hapo ndipo nilipojiponza. Ijumaa ile, nimeshaoga, nimejifukiza udi mpaka kwenye nyusi, kanzu imenyooshwa na kutundikwa, likanijia swali: hatua mia tatu za nani? Mimi miguu yangu mirefu kama ya korongo. Bibi atapiga ngapi? Akichoka njiani je? Akianguka? Nikaona nitoke mara moja nihesabu upya kwa hatua za kikongwe, nirudi, nivae. Na kwa kuwa sikutaka kuikunja kanzu, nilitoka na fulana na wizari. (Kwa wasiojua, wizari ni ule msuli mweupe unaovaliwa ndani ya kanzu. Kuonekana nao na wakwe ni jambo la kuhama mji.)

Nilifika hatua ya kumi na moja, mgongo nimeupinda, mkono kiunoni, nikasikia upepo wa ziwani ukiufunga mlango nyuma yangu. Ufunguo ndani. Simu ndani. Kanzu ndani.

Nikakimbilia langoni kwa Otieno, mlinzi wetu, Mkenya wa Kisumu ambaye haoni sababu ya mtu kuwa na haraka.

"Boss Nasir," alisema akinitazama kutoka juu hadi chini, "si ulisema leo unapokea wakwe?"

"Nimejifungia nje! Nipigie meneja alete ufunguo wa akiba!"

Akapiga. Meneja alikuwa Rusayl, akasema nusu saa. Otieno akavua reflekta yake ya manjano, ile yenye mistari inayong'aa, akanivika. "Angalau ukae kama mtu wa kazi," alisema. "Saa hii unakaa kama mtu ametoroka hospitali."

Hata sijaifunga, gari la Ammi Khalfan likafika langoni. Nikachutama nyuma ya kibanda. Nikamsikia akisema hakuna pa kuegesha (Ijumaa jioni nusu ya mji huja kupunga upepo ziwani kwetu), amshushe mama yake hapa, aende atafute pakingi. "Mpigie Nasir aje ampokee, simu yangu hapokei."

"Nasir yuko karibu sana, mzee," alisema Otieno, na wallahi nilisikia anavyojizuia kucheka.

Gari likaondoka. Nikainua kichwa taratibu, nikakutana na macho ya Bibi Thureya, ameegemea bakora yake, ananitazama mimi hasa.

"Wewe, mwanangu. Wafanya kazi hapa?"

Hatukuwahi kuonana. Na mimi, badala ya kusema ukweli yakaisha, nilisema, "Naam, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Basi nipeleke kwa huyo Nasir. Miye kusimama juani siwezi."

Nifanye nini? Akashika ncha ya reflekta yangu, tukaanza safari, yeye na bakora yake, mimi na wizari yangu, mbele ya nusu ya mji.

"Enhe, kijana gani huyo?" akauliza. "Nambie wewe unayemuona kila siku."

Ungekuwa wewe ungejisifu. Mimi nilimwambia kwamba ni mtu wa wasiwasi, kwamba hufikiri jambo mara kumi kisha akafanya lile la kijinga, kwamba huhesabu hata hatua. "Lakini anampenda mjukuu wako, Bibi. Hilo halina wasiwasi."

Bibi alikuwa akitazama bata majini, watoto na baiskeli zao, wazee wanaocheza bao barazani, na kila tunayempita akitoa salamu naye akijibu, akisimama, akiuliza hali. Nilikuwa nimesahau kuhesabu. Tulikuwa karibu kufika, nikiomba nimwache mlangoni nitoweke, pale Khala Salma, jirani yangu anayekaa kwenye benchi kila alasiri na chupa yake ya chai, alipopaza sauti mpaka bata wakaruka:

"Nasir! Leo umekuwaje, kutoka na wizari?"

Watu wote waligeuka. Nikatamani ziwa linifunike, ila halina kina hicho.

"Bibi," nikasema, "nisamehe."

"Nikusamehe nini? Nimekujua tangu langoni. Mlinzi gani anukiaye udi kama bwana harusi?" Akajitupa kwenye benchi, akapokea kikombe kwa Khala Salma. "Dada, kijana huyu yukoje?"

"Mwoga wa kila kitu," alisema Khala Salma. "Lakini nilipougua, huyu ndiye aliyeniletea uji siku tisa."

Ammi Khalfan na mkewe walitufikia baada ya muda mrefu, wamelowa jasho, gari wameliacha mbali, wakamkuta mama yao anacheka na mabibi watatu na mimi namimina chai na reflekta yangu. Ammi Khalfan alifungua kinywa.

"Kaa, Khalfan," alisema Bibi. "Bawshar nna miaka kumi na tano, jirani yangu namjua gari yake tu. Leo, kwa dakika hizi, nimeshaamkiwa na watu kama nilivyokuwa nikiamkiwa Unguja. Zuwena atakaa hapa. Na miye nitakuja kila Ijumaa."

Ammi Khalfan alitazama ziwa, akanitazama wizari, akakaa. Wakati huo huo meneja akatokea, anahema, ufunguo mkononi.

Tumeoana. Nimeapa sitoki tena bila kanzu, na ufunguo nauvaa shingoni kama hirizi. Bibi huja kila Ijumaa, na langoni Otieno humwita Zuwena kwa simu: "Madam, mwambie mlinzi mwenzangu aje, bibi yenu amefika." Na nimeshahesabu upya, kwa miguu ya Bibi mwenyewe. Kutoka langoni hadi kwetu si hatua mia tatu. Ni saa moja na robo, maana hampiti mtu bila kusimama.