Kosa Kwanza, Jina Baadaye

Nikikumbuka darasa la nne, kinachonijia kwanza ni harufu ya vumbi la uwanja wa shule yetu ya Ibra, mtumishi alipokuwa akilimwagia maji asubuhi za baridi kabla hatujapanga mistari. Niliipenda harufu ile kwa kuwa saa hiyo hakuna aliyekuwa ameniita. Kengele ikishalia, jina langu halikupumzika. Kiti kikianguka, Zuwena. Kicheko kikitoka nyuma, Zuwena. Nasra, niliyekaa naye dawati moja, alikuwa mtundu kunishinda mara mbili, lakini yeye alikuwa mweupe, wa ukoo wa pale pale tangu zamani, na mimi mweusi, mtoto wa waliorudi huku Uarabuni kutoka Unguja. Siku moja Nasra alisimama akakiri kwamba chaki ameirusha yeye. Mwalimu akamwambia akae, asijitie kumkinga mwenziwe.

Mwalimu huyo alikuwa Abla Khadija. Abla ndivyo tulivyowaita walimu wetu wa kike. Hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo penye uchungu. Nilipopata homa alinifunika shali lake mwenyewe, na akinisomesha hesabu kwa subira ya mama. Alinipenda, ila macho yake yalinifikia kabla ya masikio yake kusikia. Alikuwa na daftari la nidhamu: ukiandikwa mara tatu, unafukuzwa wiki nzima. Nilikuwa nimeshaandikwa mara mbili. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Basi likaja. Nilivunja rula ya Nasra makusudi, ili nikiitwa tena, angalau iwe kweli. Nasra alilia, nikalia naye, nikaandikwa mara ya tatu, na nyumbani nikamweleza Bibi yote.

Bibi alikuwa na desturi yake. Wajukuu tukigombana, alitupa mgongo, akiendelea kusukuma chapati, akisema: "Nambieni kosa, msinambie nani." Akishahukumu ndipo hugeuka kuuliza jina. Sote tulijua kipenzi chake ni Saidi, mweupe kuliko wote, na yeye hakuficha. "Moyo wangu mwizi," alikuwa akisema, "ndiyo maana siuachi peke yake."

Alasiri ya siku ya pili akavaa buibui lake, akanishika mkono, tukaenda kwa Abla Khadija. Tukaletewa tende, kisha kahawa. Bibi akapokea kikombe, akakiweka chini mbele yake bila kukigusa mdomoni. Hapa kwetu hata mtoto anajua maana yake: mgeni ana haja, na hanywi mpaka akubaliwe. Abla aligeuka rangi.

"Kunywa, mama yangu. Haja yako imekwisha. Zuwena nimemsamehe."

"Sikuja kumwombea msamaha, mwanangu," Bibi akasema kwa Kiarabu chake chenye lafudhi ya Unguja. "Akikosa, mtie adabu. Miye naomba daftari lako liandikwe kosa kwanza, na adhabu yake, kisha uulize nani. Jina liwe la mwisho. Mwezi mmoja tu."

"Wallahi, mama, mimi sibagui watoto."

"Najua. Hata miye nilikuwa nikidhani hivyo hivyo."

Nilikitazama kile kikombe mpaka kahawa ikapoa. Mwisho Abla Khadija akasema, "Mwezi mmoja, inshallah," na Bibi akainywa hivyo hivyo baridi, bila kukunja uso.

Mwezi ule Nasra aliandikwa mara mbili, na kwa mshangao wake akajiona shujaa. Mimi niliandikwa mara moja tu, lakini daftari lilikuwa limeanza upya, na kosa lilikuwa langu kweli: nilikuwa nikipiga soga. Sijapata kufurahia adhabu kama ile. Siku ya mwisho ya mwezi Abla alinizuia mlangoni, akanishika mashavu kwa mikono yenye chaki, akasema, "Nisamehe, binti yangu." Nilimpenda mno siku ile, na ningali nampenda.

Leo mimi ni mwalimu katika mji wa Nizwa. Shule zina kompyuta, tunapewa semina za malezi, na hakuna mzazi anayehitaji kuiacha kahawa ipoe ili asikilizwe. Nilidhani yale yamepita, na kwamba kwangu mimi yasingepata hata pa kuingilia. Nyani haoni kundule. Wiki iliyopita, nikiwa nimeelekea ubaoni, kitu kilidondoka nyuma yangu. Kabla sijageuka nikaita, "Sabra!" Sabra ni mweusi kama mimi. Aliinuka, akachukua mkoba wake, akaanza kwenda kusimama nje, na hakuwa yeye. Nilimwita arudi, nikamwomba radhi mbele ya wenzake wote.

"Si kitu, Abla," akaniambia kwa upole. "Nimeshazoea."

Nikamwambia asizoee, hata kwangu.