Kaunta Niliyoibeba Hadi Shauri Moyo

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kituoni kabla askari wa zamu ya usiku hawajanawa uso. Sketi ya sare nilikuwa nimeipiga pasi mara mbili, viatu vinameta, moyo unanidunda kwa furaha. Kituo kilikuwa upande wa Pumwani, nami nilikuwa msichana wa Kimilili ambaye Nairobi nilikuwa nimeiona tu kutoka nyuma ya lori la chuo cha polisi. Sajenti wa ripoti ofisi, mzee mnene mwenye sauti ya kuongoza kwaya, alinikagua kutoka kofia hadi viatu, kisha akaipiga kaunta kwa kiganja.

"Hii ndiyo serikali," akaniambia. "Upande ule kuna mwananchi, upande huu kuna wewe. Usiiegemee, usiikalie, na usikubali mtu aivuke."

Ripoti ofisi, kwa nyinyi ambao hamjawahi kuibiwa, ni kile chumba cha mbele kituoni. Mlalamishi huingia akaketi kwenye benchi refu la ukutani na kungoja. Ukiita "Anayefuata!" anakuja mbele, anaeleza shida yake, nawe unaiandika kwenye OB, yaani kitabu cha matukio. Kaunta yetu ilimfikia mtu kifuani. Nilimuuliza sajenti kwa nini iwe ndefu hivyo, akasema mtu akisimama wima hueleza kwa ufupi, lakini akipata pa kuwekea kiwiko anaanza hadithi. Pembeni palikuwa na kibao cha kuinua, mlango wetu sisi wenye sare, na hakuna mwingine aliyekigusa.

Niliipenda kazi hiyo kuliko mnavyoweza kuamini. Wenzangu walitamani kupelekwa upelelezi, wavae suti, lakini mimi nilitaka kusikia watu. Nilipokea mama aliyeibiwa jogoo wa Krismasi, majirani waliotoana damu kwa sababu ya kamba ya kuanikia nguo, na bwana mmoja aliyemshtaki mkewe kwa kumfichia viatu ili asiende kulewa. Yule wa viatu nilimsikiliza mpaka mwisho, nikamwambia mkewe ana akili, akaenda zake akicheka.

Nilihamishwa Lodwar, ambako kaunta ilikuwa dawati la shule lililoinuliwa kwa matofali. Inspekta wa huko alikuwa mkali kwa kila jambo. Aliwahi kunikuta nimemkaribisha bibi mmoja aketi upande wangu kwa sababu ya jua, akanifokea mbele ya watu wote. "Konstebo Nekesa! Leo bibi, kesho utamkaribisha mwizi?" Kutoka huko nikapelekwa Nakuru, nikapanda cheo hadi koplo, na mwishowe nikarudi Eastlands, kituo kidogo karibu na Mowlem, nikiwa sajenti. Kila nilikokwenda kaunta ilikuwa ileile, na mimi nyuma yake.

Mwaka wa mwisho nilikuwa nimechangamka kupita kiasi. Wenzangu waliokaribia kustaafu walizungumza kwa sauti za matanga, mmoja akisema atafuga kuku, mwingine atanunua pikipiki. Mimi nilishajua. Nilitaka hoteli ya chapati na maharagwe, Shauri Moyo, pale wanapopita wachuuzi na wasukuma mikokoteni wa soko la Gikomba wakiwa na njaa tangu alfajiri. OCS, mkuu wetu wa kituo, alicheka nilipomwambia.

"Sajenti, wewe utawauliza wateja jina la kijiji na la chifu."

"Nitawauliza chapati ngapi tu, afande."

Mume wangu, Mzee Wafula, alikuwa amestaafu kabla yangu kutoka ukarani wa reli. Yeye alitaka turudi Kimilili. Hakunikataza, ila alikuwa na masharti. "Nakupa miezi mitatu tangu ufungue. Kama huna wateja, tunafunga mizigo. Sitaki kukuona ukikaa mlangoni unangoja watu ambao hawaji." Nilikubali haraka, lakini nilimwelewa vizuri. Nilikuwa nimewaona askari wenzangu walioenda nyumbani wakiwa na nguvu zao, na mwaka haujaisha, hawana la kusema ila habari za kituo. Hilo nililiogopa kuliko bunduki.

Nilipata chumba kizuri chenye mlango mpana. Nilimwita fundi Odhiambo, seremala wa mtaa huohuo, nikamchorea kila kitu kwa kalamu yangu mwenyewe. Aliutazama mchoro, akajikuna kichwa.

"Mama, hii kaunta si ni ndefu kidogo kwa hoteli?"

"Piga ninavyokuambia."

"Sawa, afande."

Siku ya kufungua sikuweza kutulia. Niliamka nikiimba, nikakanda unga, nikachemsha maharagwe kwa dania na nyanya mpaka harufu ikafika barabarani. Watu walikuja, sitadanganya. Waliingia, wakaketi kwenye benchi la ukutani, mikono magotini, kimya. Nikaita "Anayefuata!" wakaja mmoja mmoja, wakaagiza kwa sauti ya chini, wakala macho yakiwa kwenye sahani, wakaondoka. Nilidhani ni heshima. Wiki ya pili walipungua. Wiki ya tatu nilikuwa nikiwatazama kutoka mlangoni wakipita kwenda kibanda cha jirani, ambako maharagwe, naapa, yalikuwa na mawe. Siku moja nilimsikia kijana wa mkokoteni akimwambia mwenzake, "Maze, si hapo. Hapo ni kwa karao."

Iliniuma sana. Nilijua wanajua nilikuwa polisi, Shauri Moyo hakuna siri. Lakini sikuwa na kofia wala sare, nilikuwa nimefunga leso na nimepaka unga mpaka kwenye nyusi. Nilipunguza bei, nikaongeza nyama kwenye maharagwe, nikajifunza kutabasamu mbele ya kioo. Haikusaidia. Mzee Wafula naye nilimkuta amelitoa sanduku letu la nguo uvunguni mwa kitanda, analifuta vumbi kwa kitambaa.

Mwezi wa tatu ukiwa umeanza, yule OCS wangu alikuja kunitembelea, kavaa fulana na kandambili, hana habari na mtu. Ndani walikuwemo wateja wanne au watano hivi. Aliingia, akanisalimia, na bila hata kufikiri akakiinua kile kibao cha pembeni, akapita, akasimama nyuma ya kaunta kando yangu. Akaweka ngumi mbili juu ya mbao, akawatazama watu wa benchi.

"Haya. Kuna nini leo?"

Wote walisimama. Mmoja alivua kofia. Mwingine, chapati bado iko mdomoni, akasema, "Mkubwa, mimi nilikuwa nakula tu."

Ndipo nilipoiona. Niliiona hoteli yangu nzima kwa mara ya kwanza: benchi la ukutani, kaunta ya kifuani, kibao cha kuinua, hata msumari wa kutundikia kofia nyuma yangu. Nilikuwa nimejenga ripoti ofisi na kuweka sufuria ndani yake. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. OCS naye alipogundua alikuwa amesimama wapi, uso ukamshuka.

"Sajenti, ni nani alikuchorea hii?"

"Ni mimi mwenyewe, afande. Na sikujua."

Sikungoja kesho. Nilimwita Odhiambo aje na msumeno. Nikamuuliza mbona hakuniambia kwa lugha ninayoielewa.

"Niliuliza, afande," akasema taratibu. "Ukaniambia nipige. Sasa mimi ni nani?"

Maneno hayo yaliniingia. Nilimwomba msamaha hapohapo, nikamshikia mbao akikata. Kaunta ikatoa meza mbili za kukaa watu wakitazamana. Benchi tulilitoa ukutani tukaliweka katikati, watu wakae huku na huku. Kile kibao cha kuinua kilikuwa cha mbao ngumu, laini kwa juu, Odhiambo akanipigia randa, na leo ndicho kibao changu cha kusukumia chapati. Jiko nalo nililisogeza mbele, nikawa napika katikati ya watu, wananipitia mgongoni, wananiomba nisogee.

Nyinyi mnaokaribia kuvua sare mnapanga mtaji, mnapanga shamba, na ni vizuri. Mimi pia nilipanga mpaka kijiko cha mwisho. Ila mikono yangu ilikuwa na mipango yake, na haikuniambia. Basi mkishamaliza kuchora, mwonyesheni mchoro mtu asiyewaogopa. Mimi ningemwonyesha Wafula, ambaye hajawahi kuniita afande hata siku moja.

Wateja hawakurudi siku hiyohiyo. Walirudi kidogo kidogo, wakichungulia kwanza mlangoni, kisha wakikaa, kisha wakibishana mpira kwa kelele. Mwezi wa tatu ulikuwa unaelekea kuisha, Wafula ameketi pembeni na chai yake, sanduku bado liko kando ya kitanda, wakati yule kijana wa mkokoteni aliyenikwepa alipoinua kichwa kutoka kwenye sahani na kupaza sauti hoteli nzima isikie.

"Mathe! Leo chapo haina chumvi, bana!"

Watu wakaangua kicheko. Mimi nilisimama na mwiko mkononi, machozi yananilengalenga. Maisha yangu yote ya kazi nilipokea malalamiko, na hilo ndilo la kwanza nililotamani liandikwe. Nilipogeuka, Wafula alikuwa ameshakunywa chai yake yote na anainuka.

"Unaenda wapi?" nikamuuliza.

"Nyumbani," akasema. "Kurudisha lile sanduku uvunguni."