Pikapu Yangu Inavuta Kulia

Magari ya mitumba yalipoanza kuingia kwa wingi, na mimi nikanunua pikapu. Nikamfuata mama mkwe Kilosa, nimlete Mikumi kwa kishindo. Mke wangu hutapika safarini, akakaa dirishani. Mama akawa katikati.

Pikapu ikavuta kulia! Nikawashusha, nikajaza upepo, nikaijaribu peke yangu: imenyooka. Nikarudi napiga honi. Walipopanda, ikavuta tena. Tulipofika Zombo nikabadilisha matairi, nikaijaribu peke yangu: imenyooka kama reli.

“Fundi ni mimi!” nikatamba.

Wakapanda. Ikatutupa mtaroni.

Mama mkwe akanitazama nilivyojibana mlangoni nisimguse hata bega, usukani nimeuvuta huko huko nilikoegemea.

“Mkwe wangu,” akasema, “kaa vizuri uendeshe. Sikuumi.”