Mkono Usiotazamwa na Mtu

Nilipokuwa mtoto kule Manga, Kisii, niliamini kwamba jicho la mtu laweza kumjaza mtoto mchanga takataka chini ya ngozi. Wote waliamini. Wako waliosoma kunizidi wanaoamini hadi leo, simu mkononi.

Mtoto wa baba mdogo alitokwa na vipele, wakamwita Nyaboke, mwanamke bingwa wa kutoa takataka hizo. Alimpaka samli tumboni, akakanda, akainua punje tatu za wimbi. Na aliyekuwa ameanika wimbi wiki hiyo ni mama yangu, mwenye macho ya rangi ya chai isiyo na maziwa, macho ambayo watu wa boma lile hawakuyapenda tangu aolewe.

"Macho ndiyo hayo," baba mdogo akasema. "Arudi kwao kabla hajatumalizia watoto."

Nyaboke angekuja tena Jumapili kuthibitisha mbele ya ukoo, kisha mama afungashwe virago.

Lakini mimi nilikuwa nimechuchumaa chini, wakubwa wakilikodolea macho tumbo la mtoto. Niliuona mkono wa kushoto wa Nyaboke ukipanda kwenye kilemba chake, ukashuka, ukachovya samli. Nani angeutazama? Wa kulia ndio uliokuwa ukikanda.

Siku nne nilijifunza mbinu hiyo nyuma ya zizi, juu ya mgongo wa ndama, punje imebanwa chini ya ukucha wa kidole gumba. Ndama alinipiga teke mara mbili. Sikuacha.

Jumapili, kabla Nyaboke hajamgusa mtoto, nilimshika yeye mkono. "Ngoja, omong'ina," nilisema, kama tunavyomwita mama mtu mzima, "hata wewe umetazamwa." Nikampaka samli, nikakanda, nikainua punje. Moja. Ya pili. "Na mama hajatoka jikoni tangu ufike. Nani kakutazama?"

Hakuna aliyecheka. Shangazi alipiga yowe kwamba nimekuwa mchawi. Nikawaonyesha ukucha wangu, kisha nikakivuta kilemba cha Nyaboke, nikakikung'uta. Wimbi likamwagika. Baba mdogo aliziangalia punje pale vumbini, akambeba mtoto wake, akaingia ndani. Habari ya virago haikutajwa tena.

Kesho yake Nyaboke alinisubiri kisimani. Nilijua nachapwa.

"Umeniaibisha, paka wewe," alisema. "Lakini kidole gumba kilitetemeka. Kilete hapa."

Akanifundisha mpaka wenzangu wote wakajaza ndoo na kuondoka. Labda alichoka kuwa na siri peke yake, sikumuuliza.

Huyo ndiye mwalimu wangu wa kwanza wa mazingaombwe. Nimesimama kwenye kumbi za Kisii hadi Kenyenya nikitoa wimbi masikioni mwa wakubwa, na kila mara naanza kwa kuwaambia kwamba nitawadanganya. Nyaboke hakuwaambia. Hiyo ndiyo tofauti yetu, wala si ndogo.

Wapo wanaovuka barabara wakiniona, na mzee mmoja wa kanisa anataka niombewe. Aombe. Mama alizeeka katika boma lile, akazikwa humo, kando ya migomba yake. Mimi nina onyesho Jumamosi.