Alama Niliyoiweka Mbele ya Jina la Kariuki

Nakumbuka Jumatatu moja pale Kitengela, miaka ya elfu mbili ikiwa bado michanga. Tulikuwa watu wanne katika chumba cha kompyuta: mimi Kyalo, mtunzaji wa mashine, Mwalimu Wambua, mwenye chuo, Naserian, mwanafunzi kutoka upande wa Kajiado, na baba yake, aliyekuja kujionea kazi ya bintiye kabla ya kuamua kama ataendelea kusoma au ataozwa.

Mwanangu, mimi niliacha shule darasa la sita wazazi walipotutoka, nikalea wadogo zangu wanne. Kompyuta nilijifunza kwa kuchungulia huku nikifagia. Mwalimu akaniamini, akanikabidhi mashine kuu iliyotunza kazi za wanafunzi wote. Ndani yake kulikuwa na faili la watumiaji, kila mstari jina la mtu anayeruhusiwa kuingia.

Wiki iliyotangulia Mwalimu alikuwa amemfukuza msaidizi wake, Kariuki, akaniagiza nimfungie asiingie tena kwenye mashine. Sikumfuta. Nilifuata desturi ya rejista ya shule: aliyeondoka hafutwi, huwekewa alama. Nikaweka alama ya reli, hii #, mbele ya jina lake, kwa sababu katika mafaili mengine mstari wenye alama hiyo mashine huuruka. Sikuuliza mtu. Nilijiona fundi!

Faili lile halina mambo hayo. Mashine iliisoma alama kama herufi ya kwanza ya jina. Jumamosi, darasa likiwa limejaa, Kariuki aliketi kama mwanafunzi yeyote, akakisia nilichofanya, akaandika jina lake na alama mbele, akatia nywila yake ya zamani, akaingia na mamlaka yake yote. Mwenye kovu usidhani kapoa. Alifuta kila kitu, muhuni yule, hata kazi za watoto ambao hawakumkosea lolote.

“Iko wapi hiyo kazi?” baba yake Naserian akauliza Jumatatu ile.

“Ilikuwa hapa, Papa.”

“Ng'ombe akipotea huacha nyayo. Hii yako hata nyayo haina.”

Mwalimu alilifungua faili, akanigeukia. “Kyalo, hii ni nini?”

“Nilimfungia, Mwalimu. Si niliweka alama?”

“Umemfungia? Umempa jina lingine ukamwachia funguo! Mashine itajuaje ulichokuwa unafikiria?”

Mzee, ambaye maneno hayo ya mashine hayakumwingia, akasimama. “Naserian, twende nyumbani.” Na mimi, mtu mzima mwenye ulimi, nikanyamaza. Hasira niliyojikasirikia siku ile haijanitoka.

Kwa hiyo nikisikia kijana akisema, “Ni kaalama tu, haina shida,” damu hunichemka. Mdharau mwiba mguu huota tende. Ukiambiwa umfungie mtu, tumia amri iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, kisha jaribu mwenyewe kuingia kwa jina lake. Maelezo yako yaandike daftarini, huko hayamfungulii mtu mlango. Na ukikosea, sema hapo hapo, kabla mwingine hajaadhibiwa kwa kosa lako.

Mungu akupe mkono mwangalifu, mwanangu, na mdomo usiochelewa.

Mimi nimeuliza Kajiado, nimeuliza Kiserian siku za soko la mifugo. Naserian sijampata. Maneno niliyopaswa kumwambia baba yake, kwamba kosa lilikuwa langu, bado ninadaiwa.